Hisabu au macho: mwezi wa Mombasa uandame kwa lipi?

Mwanzisha mada (mwalimu wa fizikia, Tononoka)

Assalaam alaykum wenzangu, na salamu kwa majirani wasio Waislamu pia, maana sikukuu ya nchi nzima hungoja jambo hili.

Kila mwaka usiku wa mwezi ishirini na tisa Ramadhani huwa ni yale yale. Simu zajaa: Lamu wameuona, Tanga wameuona, kuna mtu wa Vanga ambaye shemeji yake ameuona. Ikifika saa tatu usiku mji umeshagawanyika, na asubuhi nyumba hii yala Idi, ya pili yafunga. Basi nauliza waziwazi: kwa nini tusitumie hisabu, yaani hesabu ya mwendo wa mwezi?

Siulizi kwa kudharau dini. Mimi ni mtu asiyekubali neno kwa sababu limesemwa kwa sauti kubwa, basi. Tazameni ukuta wa msikiti wowote wa mji huu, mtaona saa ya tarakimu nyekundu. Alfajiri ile imepigiwa hesabu ya jua kuwa nyuzi 18 hivi chini ya upeo. Alasiri ni kivuli kuwa sawa na urefu wa kitu chenyewe, ukijumlisha na kivuli kilichokuwepo adhuhuri. Mara ya mwisho kumwona muadhini akisimika kijiti uani apime kivuli ilikuwa lini? Hisabu ya jua twaifuata mara tano kwa siku bila kunung'unika. Ya mwezi twaambiwa bidaa, uzushi katika dini.

Na mwezi hauna siri. Tangu ukutane na jua hadi ukutane nalo tena ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44, na saa ya kukutana kwao yajulikana miaka mingi kabla. Kuonekana ni shauri jingine. Miaka ya 1930 mtaalamu wa elimu ya nyota wa Ufaransa, André Danjon, alieleza kwamba mwezi ukiwa chini ya nyuzi 7 hivi kutoka kwenye jua, hilali, yaani mwezi mwandamo, haipatikani kwa macho. Kwa hiyo zipo jioni ambazo shahidi huja kuapa kwamba ameona kisichoweza kuonekana. Aliona nini? Zuhura labda, au taa ya ndege inayoshuka Uwanja wa Moi, au hamu yake tu.

Halafu kuna hili la kuchekesha. Picha za watu "wanaotafuta mwezi" hupigwa Mama Ngina, wote wamekodolea macho baharini. Bahari yetu iko mashariki! Hilali huzama magharibi, ikilifuata jua. Mwenye nia ya kuiona aipe bahari mgongo atazame upande wa Kilindini, kwenye kreni za bandari.

Mwanafunzi wa darsa, Majengo

Wa alaykum salaam, maalim. Umesema mengi ya kweli, lakini umechanganya mambo mawili ambayo wanavyuoni waliyatenga zamani. Swala imefungwa na kuingia kwa wakati. Ukiujua wakati kwa njia yoyote, umeujua. Saumu imefungwa na kuona. Mtume amesema, "Fungeni kwa kuuona na fungueni kwa kuuona," na mawingu yakiwazuia, timizeni thelathini. Hatukuambiwa fungeni mwezi ukiwepo angani. Ungeweza kuwepo nisiuone, na nisidaiwe kitu.

Kutofautiana siku pia si aibu ya leo. Zama za masahaba, Kurayb alirudi Madina kutoka Sham (nchi za Syria) akamwambia sahaba Ibn Abbas kwamba huko waliuona usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas akajibu, sisi tuliuona usiku wa Jumamosi, na tutaendelea hadi tutimize thelathini au tuuone. Hakuna aliyemkufurisha mwenziwe.

Mama wa mahamri, Bondeni

Nyinyi jadilianeni na Danjon wenu. Mimi nataka mtu aniambie kabla ya Isha. Nina oda za watu: kama kesho ni Idi, nyama ya pilau naikatakata usiku huu, viungo vyasagwa, na unga wa mahamri wakandwa sasa uumuke mpaka asubuhi. Kama si Idi, ni daku na uji. Tangazo laja saa tatu na nusu, ukienda buchani pameshafungwa au bei imepanda. Halafu wanaume waniambia nivute subira, na wao wangoja kula tu.

Mchangiaji, Kisauni

Mambo yote haya ya nini? Makka wakiuona, twafuata. Umma ni mmoja.

Mchangiaji, Old Town

Makka ni mbali, ndugu yangu. Anga lao lao, letu letu. Sisi tuna Kadhi Mkuu, tumsikilize.

Mwanzisha mada

Hapa nitawaudhi nyote wawili. Makka iko kwenye longitudo ya nyuzi 39.8 mashariki, Mombasa 39.7. Ndiyo maana kibla chetu ni kaskazini karibu moja kwa moja. Machi na Septemba jua latua huku na kule kwa kupishana dakika chache sana. Tofauti iliyopo ni ya latitudo, na mawingu yetu ya masika. Kwa hiyo "mbali" si hoja nzito hivyo. Lakini wa Kisauni naye ajue: tangazo la Makka likitoka jioni ambayo hilali haiwezekani hapa, mara nyingi kule nako ni muhali.

Na kuhusu Kadhi, namheshimu, ila someni kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Mahakama za Kadhi zimepewa hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mwezi haumo. Twamfuata kwa mazoea na adabu, na hilo si baya, lakini tusijifanye ni sheria.

Mvuvi, Likoni

Mwalimu, sisi hatukusoma nyuzi lakini mwezi twaujua kwa maji. Ukifa na ukiwa mpevu huja bamvua, maji yajaa sana kisha yapwa mpaka miamba yote iko nje. Ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai wala hayapwi sana. Maji hayadanganyi.

Mwanzisha mada

Kweli kabisa, mzee wangu, na hiyo ndiyo sayansi niipendayo. Ila bamvua kubwa huja siku moja au mbili baada ya mwezi kukutana na jua. Yakwambia mwezi mpya umefika. Siku ya Idi haikwambii.

Jirani, Mikindani

Samahani kuingilia yasiyonihusu. Pasaka yetu pia yategemea mwezi: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa kuanzia Machi 21. Lakini mwezi huo ni wa jedwali, hakuna anayetoka nje kuutazama. Na bado Waorthodoksi mara nyingi wana tarehe yao. Jedwali halikutuunganisha.

Mwanzisha mada

Jirani umenikata kauli kidogo. Basi napunguza dai. Sisemi hisabu itangaze mwezi. Nasema imkatae shahidi wa lisilowezekana. Mwanachuoni Taqiyyuddin al-Subki, wa madhehebu yetu haya ya Shafi, aliyefariki 1355, alisema hivyo hivyo: hisabu ni yakini, ushahidi wa mtu ni dhana. Na shahidi aulizwe: mwezi ulikuwa kulia au kushoto kwa pale jua lilipozama? Pembe zilielekea wapi? Ulikaa muda gani kabla ya kutua?

Mwanafunzi wa darsa, Majengo

Kumhoji shahidi sina ugomvi nako, maalim. Husimuliwa kwamba sahaba Anas bin Malik, akikaribia miaka mia, alitoka na watu kutafuta mwezi akasema, ule pale. Wengine hawaoni kitu. Kadhi Iyas wa Basra akamtazama, akaona unywele mweupe wa nyusi umeinamia jichoni. Akaupangusa kwa adabu, akamwuliza, wauona sasa? Akasema, siuoni. Kwa hiyo la al-Subki nalipokea, ingawa wenzake wengi walimpinga. Lakini siku mtakapotaka jedwali lithibitishe lenyewe, mbingu iko wazi na hakuna hata mmoja aliyepanda juu ya dari kutazama, hapo mimi simo, na sidhani watu wa Majengo watakuwamo.