Mjadala: Je, cheti cha maabara kinatosha kusema kamari ya mtandaoni inachezeshwa kwa haki?

Mleta mada

Wakuu, kila mazungumzo ya kamari za mtandaoni yanapoanza, tunaishia kubishana kama mchezo umechezewa au haukuchezewa. Upande mmoja unaapa kwamba kompyuta inamtazama mteja na kumnyima kwa makusudi. Upande wa pili unatoa cheti cha maabara iliyopima kama namba za mchezo ni za nasibu kweli, na kufunga mjadala. Naamini michezo mingi yenye leseni inatoa matokeo ya nasibu kweli, na bado mteja anaonewa, kwa sababu kinachoamua atapoteza kiasi gani kwa usiku mmoja hakijaandikwa kwenye cheti hicho.

Tuanze na namba zenyewe. Sloti (mchezo wa picha zinazozunguka), ruleti (gurudumu lenye vishimo vya namba) na karata za mtandaoni zinaendeshwa na programu inayozalisha namba mfululizo kuanzia namba ya mwanzo inayoitwa mbegu. Aliyeijua kanuni na mbegu yake amejua yote yatakayofuata. Mwaka 1999 wataalamu wa usalama wa kompyuta waliichambua programu ya kuchanganya karata iliyotumika kwenye poka ya mtandaoni, ambayo watengenezaji wake waliiweka hadharani wenyewe ili waaminike. Karata 52 zinaweza kupangwa kwa njia nyingi mno, namba yenye tarakimu 68. Programu ile ilichukua mbegu kutoka kwenye saa ya kompyuta, milisekunde zilizopita tangu saa sita usiku, kwa hiyo kwa siku nzima mipangilio haikuzidi milioni 86.4. Wataalamu walipooanisha saa yao na ya seva, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, ikabaki kama laki mbili. Kwa kuangalia karata zao na zile zilizofunuliwa mezani, waliweza kujua kila mchezaji ameshika nini.

Makosa ya namna hiyo ndiyo yanayotafutwa na maabara huru kama GLI na eCOGRA. Wanakagua msimbo, wanaangalia mbegu inatoka wapi, wanapima mamilioni ya matokeo kwa takwimu. Ni kazi ya maana na naiheshimu.

Ila haimzuii mtu wa ndani. Eddie Tipton alikuwa mkuu wa usalama wa mifumo katika chama kinachoendesha bahati nasibu za majimbo mengi ya Marekani. Aliingiza msimbo uliofanya matokeo yatabirike katika siku tatu tu za mwaka, tena pale tu masharti mengine yalipotimia. Siku nyingine zote mashine ilitoa namba safi. Tiketi ya Hot Lotto, moja ya bahati nasibu hizo, ya Desemba 2010, yenye thamani ya dola milioni 16.5, ndiyo iliyomfichua, na mwaka 2017 akahukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Kwenye poka ya Absolute Poker na UltimateBet, kashfa iliyolipuka 2007 na 2008, karata zilichanganywa sawasawa kabisa, lakini kulikuwa na akaunti za siri zilizoona karata za wenzao. Waliong'amua ni wachezaji wenyewe, kwa kupekua rekodi za raundi walizopoteza.

Hoja yangu kubwa lakini si wizi, ni kasi. Ruleti ya Ulaya ina vishimo 37, na kasino hubaki na asilimia 2.7 ya dau kwa wastani. Kwenye meza halisi gurudumu huzungushwa mara arobaini hivi kwa saa. Ukiweka pauni 1 kila mzunguko, wastani wa hasara yako kwa saa ni kama pauni 1. Sasa chukua sloti ya mtandaoni inayorudisha kwa wachezaji asilimia 96 ya madau kwa wastani, ambayo wengi wataiona nzuri. Uingereza imeamuru tangu Oktoba 2021 kwamba mzunguko wa sloti mtandaoni usipungue sekunde 2.5. Hata kwa kasi hiyo iliyopunguzwa, asiyepumzika anazungusha mara 1,440 kwa saa. Kwa pauni 1 kila mara, wastani wa hasara ni pauni 57.60.

Namba zote ni nasibu, cheti ni halali, na mtu ameondokewa na mara hamsini na zaidi ya alichopoteza mwenzake wa mezani. Nani kati yenu anaona hiyo ni haki, na kwa hoja gani?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakupinga kwa heshima. Umeunganisha mambo mawili. Haki ni kwamba masharti yaliyotangazwa ndiyo yanayotekelezwa. Ruleti ina vishimo 37 na inalipa 35 kwa 1, kila mtu anaona. Hakuna aliyedanganywa, na kasino haiwezi kuendeshwa bila faida. Mtu mzima akiamua kuzungusha mara 1,440, ni uamuzi wake.

Tena siku hizi mteja hahitaji hata kuiamini maabara. Kwenye michezo inayothibitishika, seva huchagua mbegu yake kabla hujaweka dau, kisha inakuonyesha hashi yake, yaani alama ya siri ambayo haiwezi kurudishwa nyuma kuwa mbegu. Wewe unaongeza mbegu yako. Matokeo yanatokana na zote mbili. Baadaye mbegu ya seva inafunuliwa, unapiga hesabu mwenyewe, na kama kuna herufi moja iliyobadilishwa hashi hazitalingana. Unataka uwazi gani zaidi ya huo?

Mchangiaji wa pili

Mimi nacheza ule wa ndege inayopaa: kadiri inavyopanda dau lako linazidishwa, na lazima ushuke, yaani uchukue hela yako, kabla haijaanguka. Dau la watu likiwa kubwa ndege inaanguka mapema, nimeona kwa macho yangu. Kuna vijana wanauza programu za kutabiri itaanguka wapi, na wapo wanaoshuhudia kwamba zinafanya kazi. Nyie mnazungumzia hashi, sisi tunaliwa.

Mleta mada

Ndugu yangu wa ndege, nianze na wewe maana jambo lako linaniuma zaidi. Usinunue programu hiyo, na uliyemwona akiinunua mwambie aache. Kama matokeo yanatokana na mbegu ya seva iliyofichwa nyuma ya hashi pamoja na mbegu za wachezaji, hakuna simu inayoweza kuyajua kabla. Anayekuuzia utabiri anakuibia mara mbili: bei ya programu, na madau utakayoweka kwa kumwamini. Huhitaji njama kueleza kwa nini unaliwa. Mchezo wa aina hiyo ukirudisha asilimia 97, nafasi ya ndege kufika mara 2 ni asilimia 48.5, na kufika mara 10 ni asilimia 9.7. Ukizidisha nafasi kwa malipo unapata 0.97 popote utakaposhuka. Hakuna mahali pazuri pa kushukia.

Mkuu wa kwanza, hashi naikubali bila kinyongo. Inathibitisha kwamba matokeo hayakugeuzwa baada ya dau lako kuingia. Haisemi jedwali la malipo likoje, wala kama ukishinda utalipwa leo au utazungushwa mwezi mzima kwa kudaiwa nyaraka.

Na hilo la masharti yaliyotangazwa lina tundu. Sloti moja, yenye jina na picha zilezile, watengenezaji huitoa katika matoleo kadhaa ya viwango vya kurudisha, na kampuni inayochezesha ndiyo inayochagua. Toleo la asilimia 96 na la 94 yote yanaweza kuwa yamepimwa na kupita. Kwa mizunguko ile 1,440 ya pauni 1, tofauti ni pauni 28.80 kwa saa. Mteja anayehama kampuni akidhani anacheza mchezo uleule hana habari, isipokuwa afungue ukurasa wa maelezo ambao wachache wanaufungua.

Kuhusu uamuzi wa mtu mzima: mwezi uleule wa Oktoba 2021 Uingereza ilipiga marufuku sloti kujizungusha yenyewe. Ikakataza pia shangwe na milio ya ushindi pale mteja anaporudishiwa pungufu ya dau lake au sawa nalo. Fikiria maana yake. Mtu anaweka 1, anarudishiwa senti 30, na mashine inamshangilia. Namba ni safi, lakini hisia inayomfanya abonyeze tena imepandwa. Mwaka 2025 wakaenda mbele: dau la juu kwenye sloti za mtandaoni likawa pauni 5 kwa mzunguko, na pauni 2 kwa wenye miaka 18 hadi 24. Hawakuyafanya haya kwa kugundua namba zimechezewa.

Sitaki kamari ifungwe. Nataka kiwango cha kurudisha cha toleo husika kiandikwe pembeni ya kitufe cha dau, pamoja na wastani wa hasara kwa saa kwa dau na kasi anayotumia mteja wakati huo. Kompyuta ya kampuni inazijua namba hizo tayari. Wewe unayesema mtu mzima aachiwe aamue, utapinga azione kabla ya kubonyeza?