Mhandisi wa gridi nimeitwa wizarani kwenye sera za nishati, niende?

Wakuu, shikamooni, naombeni ushauri. Nina miaka 11 kwenye chumba cha kuongoza gridi. Mtambo mkubwa ukizimika ghafla, masafa (mizunguko ya umeme kwa sekunde) yanashuka chini ya Hezi 50 za kawaida mbele ya macho yako, na una sekunde chache tu za kuamua laini ipi ikatwe. Sasa nimeitwa idara ya sera, naambiwa nikikaza nitafika ukurugenzi. Sera sijazisomea. Na nikiacha mitambo miaka mitano, nitarudi na nini?

Mzee Transfoma: Marahaba mdogo wangu. Fatih Birol, anayeongoza Shirika la Kimataifa la Nishati tangu 2015, alianza na uhandisi wa umeme Istanbul, akasomea uchumi wa nishati Vienna, akafanya kazi OPEC kwa wauza mafuta, ndipo 1995 akahamia shirika hilo, ambalo wanunuzi waliliunda 1974 baada ya mafuta kupanda bei. Kuanzia hapo hadi kiti cha juu ni miaka 20. Pengo lako ni uchumi. Lizibe hata kwa masomo ya jioni.

Binti Mikataba: Nenda kaka, tena upesi. Kuna malipo ya uwezo wa mtambo: mwekezaji analipwa kwa mtambo kuwa tayari, hata msipochukua yuniti moja. Nimeshuhudia watu wakisaini miaka 20 kwa makadirio ya mahitaji yaliyokuzwa. Mahitaji hayakuja, deni likaja. Pale mezani hakukuwa na mtu wa chumba chako wa kuuliza saa moja jioni mzigo (umeme unaotumika kwa wakati huo) unafika megawati ngapi hasa. Roho inaniuma mpaka leo.

Mpole: Omba kuazimwa, yaani uende kwa muda huku nafasi yako ikibaki, usijiuzulu. Mimi niliahidiwa cheo kwa mdomo, bosi akahamishwa, nikabaki bila meza. Shika barua kwanza.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Jumatatu naulizia kuazimwa, kwa maandishi. Binti Mikataba, wakikubali nianze kusoma nini?

Binti Mikataba: Mkataba wa mtambo mmoja kati ya ile ambayo wewe huagiza iwashwe. Anzia viambatisho vya nyuma, fomula ya kupandisha bei iko huko. Ukiipata, chukua kikokotoo, piga hesabu ya mwezi ambao mtambo haukuwashwa kabisa, kisha njoo PM tuongee.