Naombeni ushauri: nakimbia kilomita 21 kuchangia utafiti wa saratani, ila naona haya kuomba watu pesa

Habari zenu wadau. Dada yangu niliyemfuata kuzaliwa alifariki mwaka jana kwa saratani ya kongosho. Tangu apimwe hadi tunamzika ilikuwa miezi minne. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa ule mara nyingi hugundulika ukiwa umeshasambaa, na dawa zilizopo hazimfikishi mgonjwa mbali. Maneno hayo hayajanitoka kichwani.

Nimejiandikisha nusu marathoni, zimebaki wiki 14. Kwa sasa namaliza kilomita 5. Nikiingia ya sita goti linaanza kuuma. Linalonitesa zaidi ni kuomba. Niliandika kwenye kundi la ukoo na la kazini, nikajibiwa "hongera", "Mungu akutie nguvu", na aliyechangia ni mmoja tu. Najiona kama nauza msiba wa dada. Halafu binamu yangu akauliza mbele ya wote: kwa nini utafiti, wakati wagonjwa waliopo hawana nauli ya kwenda hospitali? Nilikosa jibu.

Kiatu Kikuukuu
Pole sana ndugu yangu. Naanza na goti. Kimbia siku tatu kwa wiki, mbili fupi na moja ndefu. Hiyo ndefu iende polepole, uweze kuongea sentensi nzima bila kuhema. Iongeze kilomita moja hadi moja na nusu kila wiki, na kila wiki ya nne ipunguze. Ukifika 17 inatosha, zilizobaki utazimaliza siku yenyewe. Wiki mbili za mwisho pumzisha miguu. Goti likivimba, nenda kwa mtaalamu wa viungo, usilinyamazishe kwa vidonge. Aibuprofeni ukiinywa ukakimbia masafa marefu huzielemea figo.

Mweka Hazina
Uliomba umati, na kwenye umati kila mtu humwachia mwenzake. Mwandikie mmoja mmoja, kwa jina lake, umtajie kiasi na tarehe. Anza na wa karibu kabisa, maana wanaofuata hutazama waliotangulia wametoa ngapi. Pesa zisipite mkononi mwako hata kidogo, ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya taasisi. Na kabla hujaomba tena, iulize taasisi kwa maandishi kama mchango utaingia mfuko wa utafiti. Nyingi zina mifuko kadhaa, na usipotaja wako pesa huenda popote panapohitajika. Mimi hilo nililijua nikiwa nimeshachelewa, na bado linaniuma.

Baada ya mbio waandikie tena walioahidi. Wapo wanaosubiri kuona umemaliza.

Kidonge Kimoja
Hili la binamu niachie mimi. Nina saratani ya damu, lukemia sugu ya mieloidi. Nameza kidonge cha imatinibu kila siku na naenda kazini kama wengine. Kromosomu, yaani uzi wa vinasaba ndani ya seli, yenye hitilafu inayohusika na ugonjwa huu ilionekana mwaka 1960. Dawa yangu iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Miaka 41 hapo katikati ni kazi ya maabara, na wengi waliougua zamani hizo hawakuishi kuiona. Nauli ya mgonjwa ni hitaji la kweli, na binamu yako akianzisha mchango huo nitatoa. Lakini kwa ugonjwa uliomchukua dada yako, hata ukimfikisha mtu hospitali kwa wakati, daktari anahitaji kuwa na kitu cha kumpa.

Mwendo Pole
Naongeza la Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa saratani. Mwaka 1980 alikimbia kuivuka Kanada kwa mguu mmoja wa bandia, siku 143, kilomita 5,373, hadi saratani iliporudi mapafuni ikamsimamisha. Alikuwa akiomba dola moja kwa kila Mkanada. Mwanzoni wengi hawakumjali, ila Februari 1981 michango ilivuka dola milioni 24, sawa na idadi ya watu wa nchi ile, naye akiwa bado hai. Omba kidogo, uombe wengi.

Mtoa mada
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Kidonge Kimoja, Mungu akuzidishie afya. Jibu lako nimemtumia binamu kama lilivyo. Taasisi nimeshaiandikia. Watu sita nimewaandikia kila mmoja peke yake, na shangazi amejibu ndani ya robo saa. Ametoa, kisha akauliza kama jina la dada linaruhusiwa kuandikwa kwenye fulana. Kesho natoka na kilomita 6, polepole.