Magonjwa yanayoishia na -itis

Mama Chuda: Jamani, niko Chuda, Tanga. Cheti cha mama kimeandikwa gastritis, cha mwanangu tonsillitis, jirani naye ana arthritis. Ni ukoo mmoja?

Mzee wa Raskazone: Mwanangu, -itis ni ya Kigiriki, madaktari huibandika kwenye sehemu ya mwili iliyovimba. Gaster ni tumbo, arthron ni maungio; tonsillitis nayo ni ya tezi za kooni. Haisemi kilicholeta: hepatitis huletwa na virusi, hata pombe. Nasi twaiita homa ya ini, hata kwa asiye na homa!

Mama Chuda: Kwa hiyo gastritis ndiyo vidonda vya tumbo?

Mzee wa Raskazone: La. Hapo utando wa ndani umevimba tu. Ila bakteria Helicobacter pylori huleta vyote viwili, muulize daktari kama walimpima mama.