Naomba ushauri: triga ya bunduki yangu ina hitilafu, niirekebishe mwenyewe au nimpelekee fundi?

Wakuu, habari zenu. Nina bunduki ya kuwindia, naimiliki kihalali. Kusafisha nafanya mwenyewe: natoa risasi zote, nakagua chemba (pale risasi inapokaa) kwa macho na kidole, kisha napitisha brashi na kitambaa chenye mafuta kidogo, kutoka nyuma ya mtutu kwenda mbele. Hapo sina shida.

Tatizo ni triga. Siku hizi imekuwa laini mno, na juzi nilikuwa nimeweka sefti (kizuizi cha kufyatua) kabisa lakini nilipoigusa triga, pini inayogonga risasi ikapiga. Chemba ilikuwa tupu, namshukuru Mungu. Rafiki yangu anasema ni springi tu, nifungue nibadilishe. Mimi naogopa, maana yeye mwenyewe hajawahi kuifungua yake!

Kuna mliowahi kugusa sehemu hiyo, au niache kuitumia hadi fundi wa silaha aione?