Mjadala: Sanamu roboti inayoongea na watoto, iendeshwe na programu au na mtu aliyejificha?

Mleta mada: Wadau, sanamu inakugeukia, inapepesa macho, inakujibu. Wengine humficha mwendeshaji chumba cha pili na kamera. Wengine huiachia programu kila kitu. Mimi nasema mtu abaki, na wageni waambiwe yupo. Nipingeni.

Fundi Sevo: Nakupinga nusu. Macho peke yake yanakula sevo 6, yaani mota ndogo zinazogeuka hadi pembe unayoziagiza: mbili za mboni, nne za kope. Ongeza taya na shingo, mwendeshaji atachoka kabla ya adhuhuri. Kope zijiendeshe, zipepese kwa vipindi visivyolingana, sekunde 2 hadi 6. Ukizipanga kila sekunde 4 kamili, inakuwa saa ya ukutani yenye pua. Mtu abaki na maneno tu.

Mpita Njia: Si hata maneno yaachiwe programu?

Fundi Sevo: Bado, mkuu. Watu wakiongea, mmoja humpokea mwenzake kwa takriban milisekunde 200. Programu nyingi husubiri kimya, hugeuza sauti kuwa maandishi, hutunga jibu, ndipo iseme. Mara nyingi sekunde moja au 2 zimekwenda, mtoto kashauliza lingine. Utaziba pengo kwa kuangalia pembeni na kuvuta pumzi, lakini si kila mara. Halafu maikrofoni ikikaa kichwani, inasikia mlio wa sevo kuliko mtoto.

Bi Umeme: Mnabishania maneno, shingo je? Sevo kubwa ikikwama huvuta zaidi ya ampea 2. Sita zikianza pamoja volti inaporomoka, bodi inayoziongoza inajiwasha upya, kichwa kinaruka usoni pa mtoto. Sevo ziwe na umeme wake, waya hasi ziungane na za bodi, kapasita (kifaa cha kuweka akiba ndogo ya umeme) ya mikrofaradi 1000 ikae jirani. Swichi ya dharura ikate umeme wa mota moja kwa moja, isiiombe programu ruhusa. Na shingo iwe na springi, la sivyo ukikata inadondoka. Mtu wa zamu anahitajika hata asiposema neno.

Mlezi: Na kuambiwa? Kibao mlangoni hakimsaidii asiyejua kusoma. Sanamu yenyewe ianze: "Mimi ni mashine, kuna mtu ananisikiliza." Utamu hauishi, watoto huongea na kikaragosi huku mkono wanauona.

Fundi Sevo: Hapo sina ubishi. Ila mkisema sauti haihifadhiwi, fungueni na kumbukumbu za makosa za programu. Mara nyingi kila ilichosikia kimeandikwa humo.