Tumehama kutoka Subversion kwenda Git, na wachangiaji wa zamani wanakwama

Mratibu (muulizaji)

Ndugu wanajamvi, naomba mawazo yenu. Mradi wetu wa programu huria, ambao wachangiaji wake wote ni watu wa kujitolea, ulihama kutoka Subversion kwenda Git, zote mbili zikiwa programu za kutunza msimbo na historia ya mabadiliko yake, miezi miwili iliyopita. Historia ya msimbo ilihamishwa bila tatizo na waandaaji wa programu wamezoea upesi. Wanaokwama ni wale wanaochangia mara mojamoja, yaani watafsiri na waandishi wa nyaraka, ambao baadhi yao tumekuwa nao kwa miaka mingi. Mmoja alikuwa akihifadhi kazi yake kwa `git commit` kila jioni kwa wiki tatu, akishangaa mbona hakuna anayeisoma, kumbe yote ilikuwa imelala kwenye kompyuta yake. Mwingine aliandika `git checkout .` akitegemea kuletewa faili mpya kutoka kwenye seva, na kazi yake ya siku tatu ikafutika bila onyo lolote. Tuliwapa mwongozo wa kurasa 14, ambao sidhani kama kuna aliyeumaliza. Je, tuandae mafunzo marefu zaidi, au kuna njia nyingine?

Msimamizi wa hazina

Nikiwa msimamizi wa hazina, yaani hifadhi ya msimbo na historia yake, nimepitia uhamaji wa namna hii mara mbili, na ningekushauri uuweke kando mwongozo huo, kwa sababu kinachowaangusha watu wenu si amri wasizozijua bali ni zile wanazodhani wanazijua. Katika Subversion, `commit` hupeleka badiliko kwenye seva papo hapo. Katika Git huliandika kwenye nakala yako tu, na `push` ndiyo inayolipeleka. `svn revert` (`svn` ni amri ya Subversion) hutupa mabadiliko ambayo bado hujayahifadhi, ilhali `git revert` huunda badiliko jipya la kutengua lile lililokwisha kuhifadhiwa. Ukirudia `svn checkout` juu ya saraka uliyo nayo, ulichoandika hubaki salama, na ndiyo maana yule ndugu aliyefutiwa kazi na `git checkout .` hakuwa na sababu ya kuogopa. Anayeanza moja kwa moja na Git hana mzigo huu wa mazoea, kwa hiyo msiwapime wakongwe kwa kasi ya wageni.

Andikeni ukurasa mmoja kuhusu maneno hayo matatu tu: `commit`, `revert` na `checkout`. Kwa hilo la tatu kuna nafuu: tangu toleo 2.23 la Agosti 2019, Git ina `switch` ya kuhamia tawi (mkondo wa kazi) jingine na `restore` ya kurudisha faili katika hali yake ya awali, hivyo `checkout` hamna haja ya kuitaja kabisa. Kuhusu kazi iliyopotea, Git haiwezi kurudisha kile ambacho haikuwahi kukabidhiwa. Yule ndugu atazame kama kihariri chake (programu anayoandikia) hutunza nakala zake chenyewe. Kilichokwisha kuhifadhiwa kwa `commit` ni habari nyingine, kwani hata kikionekana kutoweka, `git reflog`, rekodi ya hatua zako za karibuni, hukionyesha, na kwa mipangilio ya kawaida rekodi hiyo hudumu angalau siku 30.

Mtafsiri wa muda mrefu

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu maneno, lakini anawatazama watu kwa jicho la msimamizi. Mimi huleta faili moja kila baada ya miezi kadhaa, na hata huo ukurasa mmoja nitakuwa nimeusahau. Turuhusuni tutume faili au kiraka (faili inayoorodhesha mabadiliko tu) kwa barua pepe, kisha mtu mmoja aingize kwa `git commit --author`, ili jina la mwenye kazi libaki kwenye historia. Jambo hili la jina si dogo. Katika Subversion, badiliko hubeba jina la aliyelipeleka kwenye seva, na sisi tusio na ruhusa ya kuandika tulitajwa kwenye maelezo tu, tena kwa bahati. Git humtenganisha mwandishi na aliyeingiza. Kwenye mradi wetu hakuna aliyetueleza hivyo mapema. Tungejua, tungepunguza manung'uniko.

Mfuatilia hitilafu

Nami naongeza suala la namba. Ripoti zenu za hitilafu bila shaka zimejaa marejeo kama r4127, yaani badiliko namba 4127 katika Subversion, ambayo yalimwambia kila mtu kipi kilitangulia. Kitambulisho cha Git chenye herufi na tarakimu 40 hakisemi hivyo. Kama mlihamisha kwa `git svn` bila `--no-metadata`, kila badiliko la zamani lina mstari wa `git-svn-id` wenye namba yake ya Subversion, na `git log --grep='@4127 '` italipata. Mradi wa mfumo endeshi wa FreeBSD, uliohamishia msimbo wake mkuu kwenye Git mwishoni mwa mwaka 2020, ulizitunza namba za Subversion katika kumbukumbu zilizoambatishwa kwa mabadiliko ya zamani.

Seva ya zamani msiizime, lakini isomeke tu. Niliwahi kushuhudia mradi ulioziacha hazina zote mbili zikipokea kazi kwa wiki moja ya mpito, na kuoanisha yaliyoingia huku na kule kulituchukua mwezi mzima.

Mratibu (muulizaji)

Nawashukuru sana. Kihariri cha yule ndugu kilikuwa kimetunza nakala ya kazi hiyo, hivyo amepoteza siku moja badala ya tatu. Ukurasa wa maneno matatu nimeuandika, na njia ya barua pepe tumeifungua leo. Tayari kiraka cha kwanza kimefika, lakini kimetengenezwa kwa `svn diff` kutoka kwenye nakala ya zamani, na `git apply`, amri ya kuingiza viraka, inakikataa kwa madai kwamba faili haipo.

Msimamizi wa hazina

Tumia `git apply -p0`. Git hutegemea njia za faili zitanguliwe na `a/` na `b/`, ambazo Subversion haiziweki, kwa hiyo bila chaguo hilo hukata sehemu ya kwanza ya njia.